Chai ya Kijani kwa Muuza Maziwa

Pale mtaani Kiwanjani, nyumba ikianza kunywa chai bila maziwa, habari hufika sokoni kabla maji hayajachemka. Na kama nyumba yenyewe ni ya Farhiya, mwanamke anayeuza maziwa ya ngamia kando ya barabara tangu binti yake Ikra akiwa mgongoni, basi habari hiyo haiendi kwa miguu. Inapanda bodaboda.

Alhamisi asubuhi Farhiya alikuwa amechuchumaa jikoni akiitazama sufuria kama mtu anayemtazama mgeni asiyetaka kuaga. Maji yalikuwa na rangi ya nyasi baada ya mvua, kisha yakakolea yakawa kama maji ya josho. Hakuna maziwa, hakuna sukari, hakuna iliki. Pembeni yake mitungi miwili ya maziwa ilikuwa imefungwa tayari kwa soko, na aliona kama inamcheka.

"Imeiva?" mumewe aliuliza kutoka uani.

Kusema aliuliza ni kusema tu. Abdikadir alikuwa dalali wa ngamia, na zamani sauti yake ilikuwa ikitoka mwisho mmoja wa soko, na mnunuzi aliyekuwa akifunga viatu mwisho wa pili anaanza kutafuta pesa. Sasa ilikuwa imebaki mkwaruzo, kama mlango wa mabati unaosukumwa na mbuzi. Ilianza kwa kukwama mwaka jana wakati wa ukame. Wakasema vumbi. Ukame ukaisha, vumbi likalala, sauti haikurudi.

"Imeiva," Farhiya alisema. "Ngoja ipoe."

"Chai ikipoa ni maji ya kunawa."

Akainywa ikitoa moshi, kama alivyokunywa chai maisha yake yote, huku akifumba macho kila funda. Farhiya alihesabu siku kichwani. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Daktari aliyemtazama kooni alikuwa amesema bila kuzungukazunguka kwamba ni saratani, pale pale sauti inapotokea, na kwamba bado ni ndogo. "Mzee, umewahi. Ikipigwa mionzi sasa, wengi wanapona." Mionzi yenyewe ilikuwa Nairobi, wiki saba, Jumatatu mpaka Ijumaa. Walikuwa wamengoja foleni miezi miwili. Asipofika Jumatatu, nafasi angepewa mwingine, naye angerudi mkiani kungoja upya, na uvimbe ule haukuwa wa kungojea mtu.

Abdikadir alikuwa ameamua haendi. Na aliyempa sababu ya kutokwenda alikuwa Farhiya mwenyewe, kwa mikono yake miwili na sufuria yake moja.

Haikuwa kwa ubaya. Ikra, anayesomea mambo ya maabara chuoni Nairobi, alimtumia mamake ujumbe wa sauti. "Hooyo, nimesoma kitu. Watafiti wamepata kwamba kuna viini ndani ya chai ya kijani vinaua seli za saratani za kichwa na shingo. Aabo akinywa kidogo huku akitibiwa, si mbaya." Farhiya aliusikiliza mara tatu. Mara ya kwanza alisikia yote. Mara ya tatu alisikia lile la kuua tu. Akafunga mitungi akaenda dukani kwa Mukami, Mmeru ambaye ndugu zake wanalima chai huko juu kwenye milima ya Nyambene.

"Hii ni ile watu wa ofisi wanakunywa wakitaka kukonda," Mukami alisema akimpa pakiti. "Sasa wewe Mama Ikra unataka kukonda wapi? Umebaki mifupa na hijabu."

"Ni ya mzee."

"Mzee naye akikonda tena utamfunga na kamba asipeperuke."

Walicheka. Farhiya alikumbuka baadaye kwamba walicheka. Mumewe, aliyekuwa amekataa supu, amekataa uji, amekataa asali ya shemeji yake, aliishika pakiti ile akaigeuza pande zote, akauliza nani kasema, akaambiwa ni sayansi. Akainywa kama anayelipwa. Wiki ya pili akatangaza, "Hii chai nitaipa miezi mitatu. Ikishindwa, ndio tuongee maneno ya Nairobi."

*

Saa nne asubuhi hiyo Umuro alibisha hodi. Umuro ni Mborana, dalali mwenziwe Abdikadir kwa miaka kumi na tisa, mtu mnene mwenye aibu chache. Siku hiyo alikuja na aibu zote alizonazo, na mtungi wa lita ishirini.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam. Umebeba nini?" Farhiya aliuliza.

"Shemeji, usikasirike."

"Bado sijajua nikasirikie nini."

Umuro aliuweka mtungi chini polepole, kana kwamba ukigongwa utasema. Ndani yalikuwa maziwa. Wenye ngamia walikuwa wamechanga sokoni, kila mtu kibuyu chake, kwa sababu mke wa Ganya, mmoja wao, alipita hapa juzi akamkuta Abdikadir mlangoni na gilasi ya strungi, ile chai kavu isiyoona maziwa. Jana pia akamkuta. Na kwa watu wa ngamia, mwenye nyumba kunywa strungi mchana peupe, mbele ya wapita njia, hakuna maana mbili: mifugo imekwisha, na aliyebaki anaona haya kuomba.

"Mmeniletea maziwa mimi," Farhiya alisema. "Mimi muuza maziwa."

"Nimewaambia. Nimesema, huyo mama hata nyinyi wenyewe mnanunua kwake. Wakasema, basi ndio mbaya zaidi, anauza yote, nyumbani hakubaki kitu."

Abdikadir alikuwa amesikia. Alitoka na gilasi yake mkononi, akaona mtungi, akaiweka gilasi nyuma ya mguu wa kiti kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

"Nani amesema mimi nimefilisika?" alikwaruza.

"Hakuna mtu amesema. Wamechanga tu."

"Na yule ngamia dume wa Adano? Leo si ndio siku yake ya kuuzwa? Mbona sijaitwa?"

Umuro alimtazama Farhiya, akatazama mtungi, akatazama viatu vyake. "Adano amempa mtu mwingine kamba amuuzie. Si kwa ubaya, Abdi. Alifikiri una shida nyingi."

Hapo ndipo Farhiya alipoona uso wa mumewe ukishuka. Sauti ilipoondoka, Abdikadir hakulia. Alisema ngamia hauzwi kwa mdomo, anauzwa kwa mkono. Ilikuwa kweli. Dalali na mnunuzi hawatajiani bei mbele ya watu. Wanaingiza mikono chini ya shali moja na kuongea kwa vidole: kidole kimoja ni moja, viwili ni mbili, mkono mzima ni tano. Wanabishana hapo kimya, mmoja anabana, mwingine anajivuta, na waliosimama wanaona shali ikitikisika tu kama kuna kuku ndani. Yaliyosemwa chini ya shali hayatolewi nje. Na mkono ukishakazwa, bei imefungwa. Dalali akirudi nyuma baada ya hapo, hakuna atakayempa kamba tena, hata ya mbuzi kilema. Abdikadir hakuwahi kurudi nyuma. Sifa hiyo ndiyo mali aliyokuwa amebaki nayo, na sasa gilasi ya chai ilikuwa imeanza kuila.

"Mama Ikra," alisema, "mtengenezee Umuro chai. Na yangu. Utie maziwa."

"Ile ya kijani?"

"Hiyo hiyo. Mengi."

Akatia. Majani ya kijani, maziwa ya ngamia ya mchango na sukari vijiko vinne, vyote vikachemka pamoja mpaka vikawa na rangi ambayo Mungu hakuikusudia kinywaji. Wanaume wawili wakakaa mlangoni, mahali pa kuonekana, wakanywa ikichemka. Umuro alimeza funda la kwanza akaitazama gilasi.

"Inatibu?" aliuliza.

"Inatibu."

"Lazima itibu. Kitu kibaya hivi hakiwezi kukosa kazi."

*

Ijumaa Farhiya aliwaachia wenzake mitungi akaenda kliniki kumtafuta Sista Peris. Peris Achuka ni Mturkana, muuguzi wa miaka mingi, mwenye sauti ya juu na miguu inayouma. Alikuwa amekaa kwenye benchi nyuma, viatu amevua.

"Habari ya Mama Ikra. Mgonjwa amefunga begi?"

Farhiya akamwekea pakiti mapajani. "Sista, niambie tu. Hii ni kweli ama ni uongo?"

Peris alisoma pakiti, akasikiliza ujumbe wa Ikra kutoka kwenye simu mpaka mwisho, akaurudia.

"Ni kweli," alisema.

Farhiya alikuwa amejiandaa kwa uongo. Kweli ilimkuta mikono mitupu.

"Ni kweli, na si dawa. Sikia. Wanachukua seli za hiyo saratani, wanaziweka kwenye kisahani. Wanakamua kile kiini cha chai, kikali kabisa, wanazimwagia. Zinakufa. Vizuri. Hata petroli ukizimwagia zitakufa. Sasa mzee wako ni kisahani?"

"Si kisahani."

"Chai inapita kooni inaenda tumboni, inakojolewa. Kinachofika kwenye uvimbe ni kidogo sana. Wako watafiti wanajaribu kwa watu, wengine wameona dalili, wengine hawajaona kitu. Bado wanatafuta. Siku wakipata nitakuja mwenyewe nyumbani kwako kuchemsha. Lakini mionzi hatutafuti, hiyo tunajua." Alirudisha pakiti. "Anakunywa ya moto?"

"Ya moto ya kutoa machozi."

"Hiyo hata koo lisilo na ugonjwa haliitaki. Apoze. Na akienda, amwambie daktari anakunywa nini. Huyu msichana wako amesema vizuri kabisa: huku akitibiwa. Hilo neno lilipotelea wapi?"

Farhiya aliikunja pakiti mkononi. Alijua lilipopotelea. Lilipotelea kati ya kusikiliza mara ya kwanza na mara ya tatu.

"Mimi ndio nimemletea, Sista. Nikienda kumwambia aache ataniona mimi ni mtu wa aina gani?"

"Atakuona mke," Peris alisema akitafuta kiatu chake kwa mguu. "Wengine huku ninawaona wanaletewa vitu vibaya kuliko chai, na aliyeleta anaona haya kurudi kuchukua. Anaogopa aibu. Baadaye tunamzika mtu na aibu inabaki hapo hapo. Jumapili nikikuona hapa mjini, mimi sikusalimii."

*

Jumamosi alasiri Farhiya aliongea. Alimweleza yote, kisahani, petroli, dalili, na Abdikadir alisikiliza akiwa amekaa kwenye mkeka, shali begani, uso kama wa mtu anayetajiwa bei ya kipumbavu.

"Sista Peris ni mtu wa serikali," alisema. "Lazima aseme maneno ya serikali."

"Ikra si serikali. Nimempigia. Amelia. Anasema hakusema uache mionzi."

"Uvimbe umepungua. Mimi ndio niko na shingo, nasikia."

"Basi mwite Umuro."

"Nini?"

"Yuko dukani kwa Mukami, pale. Hata mita hamsini hazifiki. Zamani ulikuwa unamwita kutoka hapa akiwa sokoni. Mwite tu."

Abdikadir alitazama barabara. Umuro alionekana wazi, mgongo wake mpana umeziba nusu ya dirisha la duka. Abdikadir alivuta pumzi, akafungua mdomo. Kilichotoka kilikuwa upepo, na nyuma ya upepo kikohozi. Mbuzi aliyekuwa karibu aliinua kichwa, akaendelea kula karatasi. Umuro hakugeuka.

Farhiya alitamani asingefanya vile. Unaweza kushinda mabishano halafu ukatafuta mahali pa kuuficha ushindi wako.

Watoto wa jirani walipita na mpira wa matambara. Farhiya alikuwa amechoka, uchovu ule usiotoka kwa kulala, wa miezi miwili ya kungoja tarehe na wiki tatu za kuchemsha majani. Basi akasogea mkekani, akaivuta shali ya mumewe kutoka begani, akaitandaza juu ya magoti yao, na akaingiza mkono chini yake.

"Unafanya nini?"

"Leta mkono."

"Mwanamke haingizi mkono hapa."

"Miaka ishirini napatana bei ya maziwa na wanaume waongo kuliko wewe. Leta mkono, Abdikadir."

Alicheka kidogo, kicheko kisicho na sauti. Akauingiza. "Tunauziana nini?"

"Wiki. Kidole kimoja, wiki moja ya mionzi."

Mkono wake ulikuja umefungwa ngumi. Hiyo ilikuwa lugha pia: sinunui. Farhiya aliushika na kungoja, kama alivyomwona akingoja wanunuzi saa nzima juani. Baada ya muda ngumi ikalegea. Kidole kimoja kikatoka, kikamgusa. Moja.

Farhiya akaukamata mkono wake mzima. Tano. Akaachia, akashika vidole viwili. Saba.

Abdikadir akajivuta. Viwili, alisema kwa vidole. Wiki mbili.

Tano. Na mbili.

Tatu.

Tano, na mbili, na safari hii hakuachia. Hapo ndipo alipousikia mkono umelowa. Juu ya shali uso wa Abdikadir ulikuwa uso wa soko, mkavu, unatazama barabara. Chini ya shali mkono ulikuwa umelowa jasho kama wa mtu mwenye homa.

"Ni nini?" Farhiya aliuliza polepole.

Abdikadir alimeza mate, na kumeza kulimuuma. "Ile siku ya vipimo kule Nairobi," alisema. "Walinitengenezea kitu cha usoni. Plastiki, kama wavu. Walikiweka kikiwa cha moto, kikanishika uso wote. Halafu wakakibana kwenye meza. Kichwa hakiendi huku, hakiendi kule. Wakatoka wote, wakafunga mlango."

"Hukuniambia."

"Ningesema nini? Mimi nimefunga ngamia wangapi vichwa, Farhiya? Najua kinachofuata ni kisu."

Kwa hiyo haikuwa chai. Chai ilikuwa mlango tu Farhiya aliomfungulia, naye akatorokea hapo.

"Ni dakika ngapi?"

"Wanasema kumi."

"Nitakaa mlangoni."

"Mlango wenyewe ni mzito kama wa benki. Hata nikiita hutasikia."

"Hata hapa nyumbani sikusikii."

Safari hii alicheka mpaka akakohoa, na kikohozi kikamtoa machozi, au kilimpa ruhusa ya kuyatoa. Aliyafuta kwa mkono uliokuwa nje. Ule wa ndani haukuondoka.

"Na chai yangu?"

"Utakunywa. Ikipoa. Na daktari utamwambia."

"Na maziwa?"

"Weka maziwa, weka chumvi, weka chochote. Ni chai tu."

Alitazama barabara tena. Umuro alikuwa amegeuka sasa, anakuja na mkate kwapani, na alipoiona shali imetandazwa juu ya magoti ya mume na mke alisimama njiani kama aliyekuta watu wakioga. Chini ya shali Abdikadir akaushika mkono wa mkewe wote. Akaachia. Akashika vidole viwili, saba, akavikaza, na akavishikilia mpaka vikamuuma.

"Mmeuziana nini hapo?" Umuro aliuliza alipofika.

"Wewe dalali mzima," Abdikadir alikwaruza, "unauliza ya chini ya shali?"

*

Nairobi walifikia kwa dada yake Abdikadir, Eastleigh, chumba kimoja na watoto wanne, ambako waliambiwa karibuni mara nyingi na kuoneshwa pa kulala mara moja, nyuma ya pazia. Jumatatu saa mbili walikuwa kwenye benchi la hospitali. Ikra alikuja na koti la chuo, akakaa upande wa pili wa babake, akamshika kiwiko, na hakuna aliyetaja chai.

Jina liliitwa. Kwa namna lilivyoitwa lingeweza kuwa la mtu yeyote. Abdikadir alisimama, akavua kofia, akampa Farhiya shali yake aishike, akaingia. Mlango ulikuwa mzito kweli. Ulijifunga taratibu, na juu yake taa nyekundu ikawaka.

Farhiya aliitazama taa ile. Hakusikia kitu. Alifikiria mitungi yake pale barabarani, na mke wa Ganya ambaye bila shaka alikuwa tayari anaeleza watu kwamba sasa wamehama kabisa. Wiki saba. Alikuwa kama mtu aliyepanda mlima akaona kwamba pale alipofikia ni mwanzo wa njia.

Taa ilizimika. Abdikadir alitoka akitembea polepole, uso wake wote umechapwa alama ndogondogo za wavu, mashavuni, kwenye paji, mpaka kwenye pua, kama tumbo la kikapu. Ikra aligeuza uso. Farhiya hakugeuza.

Abdikadir alikaa kwenye benchi. Alichukua shali kutoka mikononi mwa mkewe, akaitandaza juu ya magoti yao mbele ya watu wote wale wasiojua soko lolote la ngamia, akaingiza mkono, akakitafuta kidole kidogo cha mkewe, akakibana.

Farhiya alingoja kama ataongeza. Hakuongeza. Safari hii kidole kilikuwa siku moja, na kesho wangerudi.